Ukucha Unapoota Ndani ya Nyama

Akina mama wapendwa, mwezi huu tunataka kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo wengi wetu huliona dogo mpaka siku linapotupata wenyewe: ukucha wa mguu unaoota ndani ya nyama. Tunajua yako magonjwa makubwa zaidi ya kuandikia. Lakini mtoto asiyeweza kuvaa kiatu hasomi kwa raha, mama asiyeweza kukanyaga hasimami jikoni, na kwa mzee mwenye kisukari kidonda kidogo cha kidole chaweza kuwa mwanzo wa kupoteza mguu. Kwa hiyo tuketi pamoja tuliangalie jambo hili taratibu.

Tuanze na habari ya jirani yetu mmoja, ambaye ametukubalia tuisimulie bila kutaja jina lake. Mwanawe wa kiume, aliyekuwa kidato cha pili katika shule ya bweni, alirudi likizo akitembea kwa kisigino. Alipoulizwa alijibu kama vijana wanavyojibu: "Ni kiatu tu, mama." Siku ya tatu mama alipofua soksi zake, aliona usaha uliokauka na kusikia harufu. Mficha maradhi, kilio humfichua. Hapa soksi ndiyo iliyomfichua.

Jioni ile mama alifanya kama alivyomwona marehemu mama yake akifanya. Alinunua wembe mpya, akaupitisha kwenye moto, akamketisha kijana kwenye kigoda, akaanza kuichimba ile pembe ya ukucha iliyozama. Kijana aliuma taulo, machozi yakamtoka, lakini kipande kikatoka. Kesho yake maumivu yakapungua. Mama akamshukuru Mungu, na kijana akarudi shule.

Baada ya wiki chache ukucha ulirudi, na safari hii ulikuwa mbaya kuliko mwanzo. Matroni wa shule akauchimba tena. Likizo iliyofuata kando ya ukucha palikuwa pameota kinyama chekundu kinachotoka damu kila kinapoguswa. Ndipo jirani yetu alipompeleka kituo cha afya. Tabibu alimchoma kijana sindano ya ganzi, akauondoa ukucha wa pembeni, akamwonyesha mama kitu kama mwiba, urefu wake kama punje ya mchele. "Mama," akamwambia, "wewe ulikata pale ulipopaona. Hiki kilibaki pale usipopaona, na kila siku kilikuwa kinasonga mbele."

Maneno hayo ya tabibu ndiyo somo letu la leo.

UKUCHA HUOTA NAMNA GANI?

Ukucha huota kutoka kwenye shina lake, ambalo limefichwa chini ya ngozi pale nyuma ya kidole. Shina hilo ndilo lenye uhai. Kile tunachokiona na kukipaka rangi hakina uhai wala hakisikii maumivu. Kinasukumwa tu mbele, polepole sana. Ukucha wa mguu huota kiasi cha milimita moja na nusu kwa mwezi, karibu nusu ya mwendo wa ukucha wa mkono. Ndiyo maana ukucha wa kidole gumba cha mguu uking'oka, waweza kuchukua mwaka mmoja hadi mwaka mmoja na nusu kuota wote tena.

Pande zote mbili za ukucha kuna kingo za nyama. Ukucha wenye pembe zilizokamilika hupita juu ya kingo hizo bila kuzidhuru. Lakini tukikata pembe kwa kuzungusha, mambo mawili hutokea. Kwanza, nyama iliyokuwa imekandamizwa na pembe ile hupata nafasi ya kuinuka na kuziba njia. Pili, mara nyingi mkasi haufiki mwisho, basi huacha ncha ndogo kali ndani. Ukucha unaposonga mbele, ncha ile huingia nyamani kama mwiba. Mwili nao huichukulia kama mwiba: kidole huvimba, huwa chekundu au cheusi zaidi ya kawaida, na huuma. Vijidudu vikiingia, usaha hufuata. Ukicheleweshwa zaidi, huota kile kinyama chekundu tulichokitaja.

Sasa tunaelewa kwa nini kuchimba pembe huleta nafuu ya siku chache, kisha taabu hurudi. Tunaondoa kipande kinachochoma leo, huku tukitengeneza mwiba wa mwezi ujao. Na kila tunapochimba zaidi ndani, mwiba unaofuata huzaliwa mahali pa ndani zaidi.

WANAOPATWA ZAIDI

Vijana wa kati ya miaka kumi na ishirini hupatwa sana, hasa wavulana. Miguu yao hutoa jasho jingi, na jasho huilainisha nyama ya pembeni. Hucheza mpira na kujikwaa, na wengine hung'oa kucha zao kwa vidole badala ya kuzikata. Tena miguu yao hukua upesi kuliko mifuko yetu inavyoweza kununua viatu. Kiatu kilichonunuliwa Januari chaweza kuwa kimembana kabla mwaka haujaisha, naye hasemi kwa sababu anajua ada ndiyo kwanza imelipwa.

Akina mama wajawazito nao wamo. Miguu huvimba, viatu vya zamani hubana, na tumbo linapokuwa kubwa mama hawezi kuinama kuzifikia kucha zake. Hukata kwa kubahatisha, au huziacha kabisa. Hapa, akina baba wanaosoma ukurasa huu kwa kuchungulia, pana kazi yenu. Kumkatia mkeo kucha ni msaada wa dakika kumi, naye hatausahau.

Kuna pia viatu vyetu vya Jumapili na vya harusi, vile vyenye ncha kali mbele na kisigino kirefu. Hapo uzito wote wa mwili husukumwa mbele, vidole vikabanana kama watu ndani ya daladala. Hatusemi msivivae. Tunasema vivaeni saa za ibada, na mchukue ndara kwa safari ya kurudi.

Na mtoto mchanga je? Mara nyingi mama wa mtoto wa kwanza hushtuka kuona kucha za miguu ya mtoto ni nyembamba na kana kwamba zimezama. Kwa watoto wengi hilo ni la kawaida, na hurekebika lenyewe kadiri ukucha unavyokuwa mgumu. Msizichimbe. Epukeni soksi na viatu vinavyobana, na mwonyesheni muuguzi mkiona wekundu, uvimbe au usaha.

KUCHA ZINAZOJIKUNJA

Zipo kucha ambazo haziingii nyamani kwa pembe moja, bali hujikunja pande zote mbili mpaka ukizitazama kwa mbele zinafanana na bomba lililopasuliwa. Hubana nyama iliyo katikati kama koleo. Hizi huonekana zaidi kwa watu wazima na wazee.

Sababu ni kadhaa. Kuna waliozaliwa na kucha za namna hiyo kama wazazi wao. Kuna waliovaa viatu vya kubana miaka mingi, wenye ugonjwa wa viungo vya vidole, na wenye fangasi wa kucha, ambao huufanya ukucha uwe mnene, wa manjano na wa kumeguka. Jambo jingine ambalo wengi hawalijui ni kwamba ukucha kwa asili yake hupenda kujikunja kuelekea chini, na kinachousaidia kunyooka ni kidole kukanyaga ardhi kila siku na kuusukuma kwa chini. Ndiyo sababu wagonjwa waliolala kitandani kwa muda mrefu, na wale wanaotembea bila kuukanyagia mguu wao sawasawa, huweza kupata kucha zilizojikunja hata kama hawavai kiatu. Basi tukiwa na mgonjwa wa namna hiyo nyumbani, tumtazame vidole vya miguu tunapomwogesha.

Kucha nene kama pembe ya kondoo hazikatwi kwa pigo moja. Kwa mzee asiye na kisukari wala tatizo la damu kufika miguuni, mwache aloweke miguu katika maji ya vuguvugu mpaka kucha zilainike, kisha kata vipande vidogo vidogo. Unene wa juu upunguze kwa tupa ya kucha, kidogo leo na kidogo wiki ijayo. Kama ni fangasi, daktari atapima na kuandika dawa, nayo huhitaji miezi na subira, kwa kuwa ukucha mzima hauna budi kuota upya.

LA KUFANYA NYUMBANI

Ikiwa kidole kimeanza tu kuuma na kuvimba kidogo, hakuna usaha, na mwenye kidole si mgonjwa wa kisukari, jaribuni haya:

1. Loweka mguu katika maji ya vuguvugu dakika kumi hadi kumi na tano, mara mbili au tatu kwa siku. Mwaweza kutia chumvi kidogo. Yapimeni maji kwa kiwiko kama mnavyopima ya mtoto.

2. Kausha vizuri, hata katikati ya vidole. Kisha, kwa kidole cha mkono kilicho safi, isukume taratibu nyama ya pembeni iachane na ukucha.

3. Chukua uzi mdogo wa pamba safi, uusokote, uusogeze chini ya pembe ya ukucha ili pembe ipate kuinuka. Badilisha pamba kila siku baada ya kuloweka. Ikiwa kufanya hivyo kunaumiza sana, acha.

4. Njia nyingine ni plasta. Bandika ncha ya plasta kwenye nyama ya pembeni iliyovimba, ivute nyama iondoke kwenye ukucha, kisha izungushe plasta kwa mshazari kupitia chini ya kidole. Usiifunge kama pete. Damu lazima ipite.

5. Vaa ndara au viatu vya wazi mpaka kidole kipone. Kwa mwanafunzi, mwandikie mwalimu barua fupi ya heshima ukieleza. Walimu walio wengi huelewa.

6. Kwa maumivu, parasetamoli kwa kipimo cha umri wake inatosha.

Fanyeni hivi kwa siku kadhaa. Kama hakuna nafuu, au hali inazidi, msingoje tena.

Na haya msiyafanye. Msichimbe pembe kwa wembe, pini wala ncha ya mkasi. Msikate alama ya pembetatu katikati ya ukucha kwa kudhani kwamba utajivuta katikati. Ukucha huota kutoka kwenye shina nyuma, na kuukata mbele hakubadilishi njia yake. Msipake kinyesi cha ng'ombe, udongo, majivu wala mafuta ya gari. Katika udongo na kinyesi hukaa vijidudu vya pepopunda, na kidonda kilicho wazi ni mlango wao. Tena msinunue vidonge vya kuua vijidudu dukani na kuridhika. Dawa hizo zaweza kuhitajika uchafu ukiwa umeenea, lakini hazitoi mwiba. Mwiba ukibaki, usaha utarudi.

Tuongeze neno kwa wale wa sehemu zenye funza. Funza naye hupenda kuingia kando ya ukucha, na kidole huvimba na kuuma vilevile. Mkiona kivimbe cheupe chenye kitone cheusi katikati, huyo huenda ni funza, wala si ukucha. Peleka mtoto atolewe kwa kifaa safi, na pini moja isizungushwe kwa watoto wote wa nyumba.

WAKATI WA KWENDA HOSPITALI

Nendeni zahanati au kituo cha afya mkiona usaha, kinyama chekundu, maumivu yanayomzuia mtu kutembea, au ukucha unaorudi mara kwa mara. Nendeni siku hiyo hiyo kama wekundu au uvimbe unapanda kuelekea mguuni, kama kuna homa, au kama kidole kinabadilika rangi kuwa cheusi au cha buluu.

Wengi huogopa kwa kuwa wamesikia kwamba "watang'oa ukucha wote." Kwa kawaida hakuna haja. Tabibu huchoma sindano ya ganzi kwenye shina la kidole, na hiyo sindano ndiyo sehemu inayouma kuliko zote. Kisha hukata ukanda mwembamba wa ukucha upande ule unaoingia, na ukucha uliobaki huachwa. Kwa ule unaorudi rudi, hupakwa dawa iitwayo fenoli kwenye shina la ule ukanda, ili upande huo usiote tena. Ukucha hubaki mwembamba kidogo, lakini ni ukucha mzima. Kuung'oa wote bila kushughulikia shina mara nyingi hakusaidii, kwa sababu huota tena na kuingia tena. Ulizeni swali hilo bila woga: "Daktari, shina la upande huu mtalitibu?"

Baada ya kutibiwa, mgonjwa apumzike na kuinua mguu siku ya kwanza na ya pili, abadilishe bandeji kama alivyoelekezwa, na avae viatu vya wazi. Kidole kilichopakwa fenoli huweza kutoa majimaji kwa wiki kadhaa. Hilo lisiwatishe, mradi maumivu na uvimbe vinapungua.

Kuna jambo jingine la kulijua. Si kila ukucha mbovu ni ukucha ulioingia nyamani. Huenda mnamkumbuka mwanamuziki Bob Marley wa Jamaika, aliyefariki Mei 1981 akiwa na umri wa miaka 36. Saratani iliyomwua iligunduliwa mwaka 1977 chini ya ukucha wa kidole gumba cha mguu wake, na mwanzoni ilidhaniwa kuwa ni jeraha la mpira. Saratani ya namna hiyo ni nadra, tena sisi watu weusi mara nyingi huwa na mistari ya kahawia kwenye kucha isiyo na madhara yoyote. Lakini mstari mpya kwenye ukucha mmoja tu, unaozidi kupanuka, au weusi unaovuka ukucha na kuingia kwenye ngozi, au kidonda cha chini ya ukucha kisichopona, umwonyeshe daktari bila kuchelewa.

MWENYE KISUKARI

Sasa turudi kwa jirani yetu. Mwezi mmoja baada ya kijana kupona, mama mkwe wake alikuja kutoka kijijini kukaa nao. Bibi huyu alikuwa na kisukari kwa miaka mingi, na ukucha wa kidole gumba chake ulikuwa umejikunja na kuwa mnene. Jioni moja alimwita mkaza mwanawe.

"Mwanangu, nasikia wewe ni fundi wa kucha. Chukua wembe unitoe hii. Hainiumi hata kidogo, ila inakwaruza shuka."

Akina mama, mnajua jinsi ilivyo vigumu kumkatalia mama mkwe, hasa jambo dogo kama hilo. Akikataa, ataonekana anaona kinyaa kuishika miguu ya mama wa mumewe. Jirani yetu alituambia kwamba wembe alikwisha kuushika. Kilichomzuia ni lile neno moja: "Hainiumi." Aliwaza, ukucha uliojikunja namna ile, umezama pande zote mbili, nao hauumi? Akapiga magoti, akaushika mguu wa mkwe wake kwa mikono miwili, akamwambia, "Mama, miguu yako ni mizito kwangu kuliko ya mwanangu. Ya mwanangu niliiharibu kwa wembe huu. Ya kwako tutaipeleka kwa wanaojua."

Bibi alinung'unika usiku kucha. Asubuhi walikwenda kliniki ya kisukari. Muuguzi alipousafisha ukucha na kuuinua kidogo, palionekana kidonda chini yake, chenye usaha, ambacho bibi hakuwa na habari nacho hata kidogo.

Hivyo ndivyo kisukari kinavyofanya. Sukari nyingi katika damu, kwa miaka, huharibu mishipa ya fahamu ya miguu, hata mtu akakanyaga msumari asijue. Huharibu pia mishipa ya damu, na damu isipofika vizuri kidonda hakiponi. Kwa mtu wa namna hiyo, kutosikia maumivu si dalili ya uzima. Ni dalili ya hatari. Watu wengi waliokatwa mguu kwa sababu ya kisukari walianza na kidonda kidogo tu cha mguu.

Kwa hiyo, mwenye kisukari, na yeyote aliyeambiwa na daktari kwamba damu haifiki vizuri miguuni, asichimbwe ukucha nyumbani kamwe. Asiloweke miguu, kwa kuwa aweza kuungua asijue, na ngozi iliyolowekwa hupasuka upesi. Aoshwe kwa maji ya vuguvugu yaliyopimwa na mtu mwingine, akaushwe vizuri, kisha achunguzwe miguu kila siku: juu, chini, na katikati ya vidole. Asitembee peku hata ndani ya nyumba, na kabla ya kuvaa kiatu mkono uingizwe ndani kuangalia kama kuna kokoto. Kidonda chochote, hata kisichouma, kipelekwe kliniki siku hiyo hiyo au kesho yake.

Yule bibi alitibiwa, kidonda kikafunga baada ya wiki nyingi za kwenda na kurudi. Mguu wake anao mpaka leo.

KUZUIA KULIKO BORA KULIKO TIBA

Kata kucha za miguu kwa kunyoosha, moja kwa moja, baada ya kuoga zinapokuwa laini. Ziache zifike sawa na ncha ya kidole, zisiwe fupi kupita hapo. Pembe zionekane. Kama pembe inakwaruza, ipunguze kidogo kwa tupa, usiizungushe kwa mkasi.

Kabla ya kununua viatu vya shule, msimamishe mtoto juu ya karatasi ngumu wakati wa alasiri, miguu inapokuwa imetanuka, uchore mguu wake na kukata. Chukua karatasi hiyo dukani au sokoni. Ikikunjamana ndani ya kiatu, kiatu hicho hakimfai hata kama bei ni nzuri. Mbele ya kidole kirefu kuliko vyote ibaki nafasi ya kama sentimita moja. Kwa viatu vya mitumba, angalieni pia kama mguu wa mwenye kwanza haujavipinda. Na kila likizo, bonyeza ncha ya kiatu mtoto akiwa amekivaa, ujue kama bado kinamtosha.

Soksi zibadilishwe kila siku. Kila mtu awe na kikata kucha chake, au kisafishwe kwa sabuni na kufutwa kwa spiriti kabla ya kumpa mwingine. Mkienda kusafishwa kucha saluni, au mkimwita kijana anayepita na kikapu chake cha rangi, mpeni vifaa vyenu wenyewe na mwambieni asiguse pembe. Fangasi na magonjwa ya damu, kama homa ya ini, huweza kupita kwenye vifaa vya watu wengi.

Katika nyumba ya jirani yetu sasa kuna desturi. Jumamosi jioni hutolewa beseni, na kila mmoja huonyesha miguu yake, kuanzia mdogo hadi baba mwenyewe. Bibi yeye haloweki. Hukaa kwenye kiti chake, na mjukuu wake, yule kijana wa kidato cha pili ambaye sasa ni mwanamume mzima, humshika mguu na kuuchungulia vidole kimoja kimoja akija likizo kazini kwake. Hakuna tena anayesema "ni kiatu tu."

Jumamosi hii, kabla watoto hawajalala, waiteni nanyi wavue soksi. Hadi mwezi ujao, tunawatakia afya njema ninyi na wote walio chini ya paa zenu.